Saa ya Askari wa Zamani: Ukweli Wake Unakaa Wapi?

Mtu akitaja neno «desturi», wengi wetu tunafikiri mara moja juu ya ngoma, mbuzi wa mahari, matanga, taji ya mwami. Ni vema. Lakini desturi ni pia vitu vidogo ambavyo ukoo unaviweka ndani ya sanduku na kuvipitisha kutoka kwa baba mpaka kwa mtoto. Katika nyumba zetu za Butembo na Beni unaweza kukuta mkuki, jembe la kale, kitabu cha ubatizo, picha iliyopauka, na mara nyingine saa ya mkono ambayo haitembei tena. Ukiuliza, utajibiwa: «Hii ni saa ya vita. Babu aliileta.» Na sokoni utasikia muuzaji akisema: «Papa, hii si ya juzi. Njo ile ya basoda ba zamani. Angalia mushale kule nyuma.»

Hapo linazaliwa swali ambalo tunataka kulizungumza katika kurasa hizi: tunaposema kwamba saa ya askari ni «ya kweli», tunasema nini hasa? Wengine watadhani ni swali la wafundi wa saa na la matajiri wa Ulaya wenye kukusanya vitu vya zamani. Sisi tunaona ni swali la maadili, na linatuhusu sana, maana ndani yake kuna kuuza na kununua, kuna heshima ya wafu, na kuna ukumbusho wa wazee wetu waliopigana vita vya wengine.

1. Namna wafundi wanavyochunguza

Tuanze na mambo yenye kuonekana kwa macho. Katika vita ya pili ya dunia jeshi la Uingereza liliagiza Uswisi saa za mkono za namna moja. Uso uwe mweusi, tarakimu ziwe za kawaida, sindano ndogo ya sekunde iwe upande wa chini penye sita, mashine iwe na mawe 15, maji yasiingie, na rangi ya tarakimu na sindano ing'ae gizani. Viwanda vilivyozitengeneza ni 12: Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Kwenye kifuniko cha nyuma kuliandikwa herufi W.W.W., yaani maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya saa ya mkono isiyoingiza maji, pamoja na namba na mshale mpana, ambao ndio alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Saa hizo zilifika jeshini mwaka 1945. Hazikugawiwa kwa kila askari, bali kwa wale ambao kazi yao ilidai saa kamili, kama watu wa mizinga na wa mawasiliano.

Fundi mwenye akili hatazami mshale peke yake. Mshale ni rahisi kuuchora. Mtu mwenye chuma chenye ncha anauchora kwa dakika chache. Fundi anatazama kama vitu vyote vinasikilizana: je, mashine ni ya kiwanda kile kile kilichoandikwa usoni? Je, namba zilichongwa kwa mkono ule ule wa zamani, ama kingo zake bado ni kali kama za jana? Je, uso umezeeka sawasawa na sindano, ama uso ni wa mzee na sindano ni za kijana? Saa za Grana ndizo chache kuliko zote, na kwa hiyo bei yake ni kali. Basi jina hilo lazima uliogope zaidi. Pale penye bei kubwa, uongo unafika mapema.

Kuna pia ushuhuda wa rangi yenye kung'aa. Wakati ule waliichanganya na radiamu. Nguvu ya radiamu inapungua polepole sana: inahitaji kama miaka 1600 ili ifike nusu. Lakini ile dawa nyingine iliyochanganywa nayo, ambayo ndiyo yenye kutoa mwanga, inachoka mapema. Kwa hiyo saa ya 1945 iliyobaki na rangi yake ya kwanza haing'ai tena gizani kama zamani, lakini chombo cha kupimia miale bado kinaisikia. Mtu akikuonyesha saa «ya mwaka 1945» ambayo ukiimulika kidogo na torshi inawaka usiku mzima, ujue rangi ile ni mpya. Tunaongeza neno moja la usalama: rangi hiyo ya zamani isikwaruzwe na mavumbi yake yasivutwe puani. Katika miaka ya 1910 na 1920 wasichana wa viwanda vya Marekani, waliokuwa wakichonga brashi za rangi hiyo kwa midomo yao, waliugua mifupa na wengi wakafa. Msiwape watoto saa hizo wazichezee, wala msizifungue jikoni.

Na hapa kuna jambo ambalo Mkongomani hawezi kulipita hivi hivi. Tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu katika mawe ya Shinkolobwe, kule Katanga, na kwa miaka kama kumi Ubelgiji ndiyo iliyotawala soko la dunia la radiamu, mpaka Kanada ilipoanza kushindana nayo. Kwa hiyo saa nyingi za Wazungu za wakati ule huenda zilibeba usoni mwake kipande kidogo cha udongo wetu, hata kama hakuna Mkongomani aliyeivaa. Tunacheka kidogo tukisikia kwamba saa ni «ya Uswisi asilia».

2. Jembe lenye mpini mpya

Lakini ushuhuda wa chuma una mahali unapogongana na akili. Katika miaka ya 1960 jeshi la Uingereza lilirudisha saa zake nyingi kwa wafundi wake, likaondoa nyuso zenye radiamu kwa sababu ya hatari, na kuweka nyuso mpya zenye tritiamu, ambayo hatari yake ni ndogo. Nyuso hizo zina herufi T ndani ya duara. Basi tunauliza: saa ya 1945 yenye uso wa 1963 ni ya kweli ama si ya kweli? Ukisema si ya kweli, umelikataa jeshi lenyewe lililokuwa mwenye mali. Ukisema ni ya kweli, basi huwezi tena kusema kwamba «ya kweli» maana yake ni «isiyoguswa tangu izaliwe».

Wazee wetu walijua swali hili bila kuona saa. Jembe la babu limebadilishwa mpini mara tatu. Chuma nacho kimeisha kwa kunolewa, mhunzi akaongeza kingine. Hata hivyo mama akienda shambani anasema: hili ni jembe la babu. Hakuna anayemwambia kwamba anasema uongo. Kwa nini? Kwa sababu kila badiliko lilifanywa ili jembe liendelee kulima, na kila mtu nyumbani anajua lilivyofanywa. Lakini kama kijana akinunua jembe sokoni leo, akalipaka matope na moshi, akamwuzia mgeni akisema ni la mababu wa karne iliyopita, chuma chake kinaweza kuwa kizuri kuliko kile cha mama, na bado yeye ni mwongo.

Tunaona hapo tofauti ya kwanza. Matengenezo yanakitumikia kitu na mwenye kukitumia. Udanganyifu unayatumikia macho ya mnunuzi. Mtu mwingine atatupinga: «Ninyi walimu, nia ya mtu mnaionaje? Fundi aliyebadilisha sindano miaka 30 iliyopita amekwisha kufa. Nani atamwuliza?» Ni pingamizi la haki. Nia haionekani. Lakini kuna kitu kimoja kinachosikika, ndicho neno la mwenye kuuza leo. Akisema, «Mashine ni ya zamani, uso ulipakwa upya, mkanda ni wa juzi,» nia ya marehemu haitupi shida tena. Akinyamaza, amechukua kazi ya marehemu na kuifanya uongo wake mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kutofautisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganya: ukweli wa chuma, ukweli wa njia, na ukweli wa neno. Chuma ni kile fundi anachokichunguza. Njia ni mikono ambayo kitu kilipitia mpaka kufika kwako. Neno ni kile tunachokisema juu ya viwili vya kwanza. Saa ya kuiga ya dola tano, yenye kuuzwa kama saa ya kuiga, ina neno la kweli. Saa ya askari iliyo safi kabisa, lakini yenye hadithi iliyobuniwa, ina chuma cha kweli na neno la uongo.

Tusifikiri lakini kwamba neno la kweli linasafisha yote. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana mbali kwa safari zao za Dubai na Guangzhou, na maduka yetu yamejaa vitu vyenye majina makubwa kwa bei ndogo. Maskini anayenunua saa ya kuiga ili ajue wakati wa kwenda kazini hatumhukumu. Na muuzaji anayemwambia wazi hamdanganyi. Hata hivyo jina la kiwanda cha mwingine lililoandikwa pale bado limechukuliwa bila ruhusa. Mnunuzi hakuibiwa, mwenye jina ameibiwa. Mwenye kufundisha watoto wake haki hawezi kusema kwamba jambo hilo ni bure kabisa.

3. Njia iliyopita saa

Sasa tuseme juu ya njia, na hapa tunaomba tusomwe kwa moyo mtulivu, maana nchi yetu si makumbusho. Kule Ulaya mtu anayeuliza saa ya askari imetoka wapi anatafuta bei. Huku Beni, swali hilo hilo linaweza kuwa na damu ndani yake.

Tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wameuawa katika eneo la Beni. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya MONUSCO ya Semuliki ilishambuliwa, na walinzi wa amani 15 kutoka Tanzania wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, kati ya 1998 na 2003, majeshi ya nchi mbalimbali yalipita katika barabara zetu. Pahali ambapo askari wanakufa, vitu vyao vinabaki: viatu, redio, mikanda, saa. Mtu anaviokota, mwingine anavinunua, wa tatu anaviuza. Saa ya namna hiyo inaweza kuwa ya kweli mara mia kwa chuma. Hakuna fundi wa Geneva atakayeikataa. Lakini ilitoka kwenye mkono wa mtu ambaye mama yake bado anamlilia, pengine Mwanza, pengine Kananga, pengine hapa hapa Oicha.

Desturi yetu juu ya vitu vya marehemu iko wazi. Havichukuliwi na mpita njia. Vinakusanywa, vinawekwa mbele ya ukoo, na wakubwa wanaamua nani apokee nini. Mtu aliyejichukulia koti la marehemu usiku anaitwa mwizi, hata kama ni mtoto wa nyumba. Kama tunalishika hilo kwa koti la jirani, kwa nini tuliache kwa saa ya askari, eti kwa sababu hakuwa wa kabila letu, ama kwa sababu hatukulipenda jeshi lake? Tunafikiri kwamba mwenye kununua kitu cha askari katika nchi ya vita ana wajibu wa kuuliza njia kabla ya kuuliza bei. Jibu likikosekana, aache. Ukweli wa chuma hapo haumsaidii. Unamzidishia tu lawama, maana kama kitu ni cha kweli, na mwenyewe alikuwa wa kweli.

4. Saa ya babu na vita ya Saio

Tumefika penye neno gumu zaidi. Tuchukue mfano ambao tumeutengeneza, lakini unafanana na mambo mengi ya koo zetu. Katika nyumba moja wanatunza saa. Hadithi ya ukoo inasema: babu alikuwa askari wa Force Publique, alipigana Abisinia, na mkubwa wake akampa saa hii siku Waitalia waliposhindwa Saio. Kijana aliyesoma anaigeuza saa, anaona W.W.W. na mshale. Anajua kwamba Waitalia walijitoa Saio mwanzoni mwa Julai 1941. Anajua pia kwamba saa za W.W.W. zilifika jeshini 1945. Saa haikuweza kuwa Saio miaka minne kabla ya kupokelewa na jeshi lililoiagiza. Afanye nini?

Wengine watasema anyamaze. Wana sababu nzuri. Mzee anayeitunza hana mali nyingine ya kumkumbusha baba yake. Hakuna anayedhulumiwa. Kijana anayemsahihisha mzee mbele ya watu, hata akiwa na haki, amekosa adabu, na adabu pia ni aina ya ukweli kati ya watu. Tunaiheshimu sauti hiyo. Lakini hatuifuati mpaka mwisho, kwa sababu tatu.

Kwanza, kilichoanguka ni kidogo kuliko tunavyoogopa. Saa imekataa siku moja na mahali pamoja. Haikusema kwamba babu hakuwa askari. Vikosi vya Kongo vilipigana kweli Asosa, Gambela na Saio mwaka 1941. Kisha wengine wakapelekwa Nijeria, na kutoka pale Misri na Palestina katika 1943 na 1944. Wengine walihudumia majeruhi mpaka Burma, katika hospitali ya vita iliyofuata askari wa Afrika ya Mashariki. Babu aliweza kuipata saa baadaye: kuinunua kwa mfanyabiashara aliyevuka Kasindi kutoka Uganda, ama kupewa na rafiki. Masimulizi ya ukoo yana tabia hiyo: yanaunganisha kitu kikubwa na siku kubwa. Watu hawakukusudia kudanganya. Vitu viwili vya kweli vilikaa ndani ya sanduku moja miaka mingi mpaka vikashikana.

Pili, kimya hakitadumu. Siku moja shida itabisha hodi: karo ya shule, ugonjwa, safari. Mjukuu ataichukua saa kuiuza, na ataiuza pamoja na hadithi yake. Mnunuzi mwenye kujua atacheka, na kicheko hicho hakitaangukia saa tu, kitamwangukia babu. Ni afadhali ukweli uingie nyumbani kwa mlango, ukaletwa na mtoto wa nyumba, kuliko kuletwa na mgeni sokoni.

Tatu, na hii ndiyo sababu tunayoipa uzito zaidi: shahidi wa uongo anaharibu mashahidi wa kweli. Wazee wetu wa 1940 mpaka 1945 walisahauliwa kwa muda mrefu. Ilikuwa tarehe 8 Juni 2022 tu, miaka 77 baada ya vita kuisha, ambapo mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha medali Koplo Albert Kunyuku kule Kinshasa, mzee wa miaka 100, aliyehesabiwa kuwa wa mwisho aliyebaki kati ya wapiganaji wale. Sasa mashahidi wenye mdomo karibu wamekwisha. Tunabaki na karatasi, medali, picha, na vitu. Kama sisi wenyewe tunakubali kila saa yenye mshale kuwa «saa ya Saio», siku Mkongomani ataleta ushahidi ulio safi, watamwambia: «Ninyi huko kila mtu ana saa ya Saio.» Uongo wetu wa upendo utakuwa umewazika wazee mara ya pili.

Kwa hiyo tunasema: kijana aseme. Lakini kuna namna ya kusema, na desturi inaijua. Asiseme mbele ya wageni, wala penye kinywaji. Aende kwa mzee peke yake, aombe kuhadithiwa tena tangu mwanzo, asikilize mpaka mwisho. Kisha aseme: «Baba, nimeona mwaka wa hii saa. Inaonekana haikuwa Saio. Tutafute pamoja ilikotoka.» Labda mzee atakumbuka jambo ambalo hakuna aliyemwuliza kamwe. Labda atakasirika. Hasira ya juma moja si bei kubwa, maana kisha ukoo utakuwa na babu mwenye historia ambayo hakuna wa kuiangusha.

5. Tufanye nini nyumbani

Wazee wanasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni neno zuri, lakini katika wakati wetu kibaya kimejifunza kukaa kimya dukani kama chema. Hatuwezi kungoja kitu kijitetee chenyewe. Lazima tukipe shahidi.

Kwa kumaliza, basi, tunatoa shauri moja ambalo halihitaji feza. Kila ukoo wenye kitu cha kale, iwe saa, mkuki ama picha, uchukue ukurasa wa daftari. Uandike: kitu ni nini, nani alikuwa nacho, kilipatikana wapi na lini, kimetengenezwa mara ngapi na nini kilibadilishwa, nani ameshuhudia. Pale ambapo hakuna anayejua, muandike neno «hatujui». Neno hilo lisiwaletee haya. Karatasi yenye «hatujui» mara mbili ina nguvu kuliko hadithi isiyo na shimo hata moja, kwa sababu msomaji ataona kwamba mwandishi hakujaza mashimo kwa mate.

Mkubwa wa nyumba aweke sahihi, na kijana mmoja aweke yake pia, ili vizazi viwili vishuhudie pamoja. Kisha karatasi iingie ndani ya sanduku pamoja na saa, na isitolewe ila na saa. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, isomwe kwa sauti kabla saa haijapewa mtu. Anayeipokea atakuwa amepokea chuma, njia na neno kwa mara moja.